Klorokini ilishindwa namna gani? Mlango mdogo ndani ya kijidudu cha malaria

Watu wazima wengi wa Kivu na Ituri wanaikumbuka klorokini, ile kompirime chungu ambayo wengi waliita Nivaquine. Leo kituo cha afya hakimpatii tena mgonjwa wa malaria dawa hiyo. Wengine wanasema ni mwili wa mtu ndio ulizoea dawa. Hapana. Aliyebadilika ni kijidudu, na jambo lenyewe linaeleweka.

Kijidudu cha malaria kinaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula hemoglobini, protini inayofanya damu iwe nyekundu. Kinaisaga ndani ya kifuko kidogo chenye asidi, sawa vile tumbo. Lakini chakula hicho kinaacha sumu inayoitwa hemu. Ili kisife, kijidudu kinaigandisha hemu kuwa vichembe vigumu visivyo na madhara.

Klorokini inakishambulia fasi ile ile. Ikifika ndani ya kifuko, asidi inaipatia chaji chanya, na haiwezi tena kupenya ukuta mwembamba wa kifuko, yaani utando. Inajikusanya humo, inazuia hemu isigande, na kijidudu kinakufa kwa sumu ya chakula chake.

Sasa, kwenye utando huo kuna mlango: protini inayoitwa PfCRT. Ni mnyororo wa vipande 424, unaopita ndani ya utando mara 10 na kuacha shimo katikati. Kwa kawaida unatoa mabaki ya chakula. Kipande cha 76 kina chaji chanya sawa na klorokini, na chaji za aina moja zinasukumana. Kwa hiyo dawa inakwama ndani.

Kwa kijidudu sugu, kipande cha 76 kimebadilika, hakina chaji tena, na vingine vichache vimebadilika pamoja nacho. Hapo protini inaikamata dawa ndani ya kifuko na kuitupa inje. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha umbo la protini hiyo, shimo likiwa limefunguka upande wa ndani wa kifuko.

Vijidudu hivyo vilianzia Asia na Amerika ya Kusini, na vile vya Asia vikafika Afrika Mashariki mwisho wa miaka ya 1970. Kila mara mtu alipomeza klorokini, vijidudu dhaifu vilikufa, sugu vikabaki, na mbu akavipeleka kwa mtu mwingine. Mwaka 2005 Kongo ilichagua artesunate na amodiaquine, dawa mbili pamoja.

Malawi iliacha klorokini mwaka 1993. Miaka kadhaa kisha, vijidudu vyenye mlango wa zamani vilikuwa vimerudi kwa wingi, sababu mlango uliobadilika unakidhoofisha kijidudu pale ambapo hakuna dawa.

Ndiyo maana leo dawa mbili zinatolewa pamoja kwa siku 3: moja inapunguza vijidudu haraka, ya pili inamaliza vilivyobaki. Mama anayekatisha dawa siku ya pili juu ya kumwekea mtoto mwingine anaacha vijidudu vyenye nguvu hai. Na jirani zetu Rwanda na Uganda, kwa njia nyingine kabisa, vijidudu vimeanza kuvumilia artemisinini. Kupima kwanza, kisha kumaliza vidonge vyote, ndiyo kuzichunga dawa tulizo nazo.