Tisini tatu za kinu cha pamba

Kilichonisumbua ni hesabu. Mashine ifanye kazi asilimia 90 ya muda uliopangwa, iende kwa asilimia 90 ya kasi yake, na asilimia 90 ya inachotoa kiwe kizuri. Mtoto akirudi nyumbani na tisini tatu, kuku anachinjwa. Kiwandani zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe, na jibu halifiki 73. Kipimo hicho, alichokieneza Mjapani Seiichi Nakajima, leo hujisoma chenyewe kwenye skrini za viwanda vyenye sensa. 85 husifiwa duniani kote.

Nilimpelekea hesabu hiyo fundi mkongwe wa kuchambua pamba, mjini Bunda. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akainama chini ya mashine na kuchota mbegu kiganjani.

Mashine za rola huivuta pamba kwa rola zilizovikwa ngozi, huku visu vikiibania mbegu nje. Ngozi ikilainika kwa kulika, au kisu kikikaa mbali nayo, mbegu hudondoka na nyuzi zake. Akawa anaziviringisha moja moja kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Manyoya mafupi si neno, mbegu huzaliwa nayo. Nyuzi ndefu ndizo hasara. Alipopata za kutosha alipunga mkono, mashine ikazimwa. Kwenye skrini, kusimama huko kungemshushia alama.

Kwa kawaida kilo 100 za pamba mbegu hutoa nyuzi theluthi moja hivi. Iliyobaki karibu yote ni mbegu za kukamua mafuta. Theluthi ikipungua, anaulizwa yeye. Akaniuliza: sasa mwanangu, pamba iliyotiwa maji na mchanga kabla ya mizani, nayo ni kosa la rola? Sensa inaliona robota. Ghala la chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, hailioni.

Halafu kuna msimu. Pamba ikiisha, vinu hulala kwa miezi, na muda usiopangiwa kazi hauingii katika hesabu ya Nakajima. Kinu kinaweza kupata 85 na kushinda zaidi ya nusu ya mwaka kimefungwa. Kipo kipimo kingine kinachogawa kwa saa zote za mwaka, ila sijui meneja gani atakibandika ukutani.

Fundi alisema kibandikwe tu, mradi asiulizwe yeye. Waulizwe wanaopanga mbegu, viuatilifu na bei.