Ukichimba Msingi Mtaani, Angalia Chini

Mwaka 2015 mafuriko yaliharibu jengo la klabu ya kriketi ya Carlisle, mji ulioko kaskazini mwa Uingereza. Wenyewe wakaamua kujenga lingine mahali palipoinuka. Ilipofika 2017, kabla hata ya kumwaga zege, wachimbaji wakakutana na bafu la Warumi. Usifikirie karai na sabuni. Hili ni jengo zima la kuogea, la karibu miaka 1,800.

Tangu hapo wakazi wa Carlisle wamekuwa wakijitolea kuchimba pamoja na wanaakiolojia. 2023 wakatoa vichwa viwili vikubwa vya miungu vilivyochongwa kwa mawe, na kabonge ka rangi ya zambarau iliyotengenezwa kwa konokono wa baharini, rangi iliyokuwa ya makaisari. Hizo ni mikono ya watu wa kawaida tu.

Si mbali na hapo kuna Vindolanda, kambi ya zamani ya wanajeshi wa Roma. Tangu 1973 matope yake yametoa mamia ya vipande vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino. Kimoja ni mwaliko wa birthday, kutoka kwa mwanamke aitwaye Claudia Severa kwenda kwa rafiki yake Sulpicia Lepidina. Kingine kinamwambia mtu kwamba ametumiwa soksi, viatu na chupi. Yaani msee alikuwa anasikia baridi, akaletewa kifurushi kama vile mamako anavyokutumia sukuma na mahindi kwa gari la usiku. Vingi vya vipande hivi vilitupwa kama takataka. Hiyo ilikuwa Dandora yao, na leo inasomwa kama kitabu.

Sasa utauliza: mimi niko Umoja, niko Kayole, niko Jericho, hiyo inanihusu aje?

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usingoje mhadhara. Lakini tarehe hizi ziweke kichwani. Warumi walianza kujenga ule ukuta wao maarufu, Ukuta wa Hadrian, mwaka 122. Miongo kadhaa kabla ya hapo, katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja kutoka Misri, mwandishi wa Kigiriki, aliandika mwongozo wa mabaharia unaoitwa Periplus. Ndani yake ametaja pwani yetu. Aliiita Azania, na soko la mwisho kusini akaliita Rhapta.

Anasema Rhapta palikuwa na mashua zilizoshonwa kwa kamba, na pembe za ndovu kwa wingi, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya glasi. Halafu kuna hii sehemu tamu: manahodha Waarabu waliokuwa wakija walijua lugha ya wenyeji na walikuwa wameoa huku. Mambo ya kuja kwa biashara ukabaki kwa mashemeji hayakuanza jana.

Na si maneno ya kitabu pekee. Katika delta ya Rufiji, Tanzania, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba akapata shanga za glasi za enzi za Warumi, na akachapisha matokeo hayo 1999. Shanga ndogo, unaweza kuzipiga teke ukidhani ni changarawe.

Pwani ni mbali? Basi shuka Mombasa Road, pita Mlolongo, ufike upande wa Athi River. Kile kilima ni Lukenya. Watafiti wamechimba pale miaka mingi, wakapata zana za mawe, vyungu na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wafugaji walikuwa wanachunga pale kabla Mrumi yeyote hajakanyaga Uingereza. Lakini shuleni tuliambiwa Nairobi ilikuwa kinamasi tu, reli ikafika 1899, historia ikaanza. Hata jina Nairobi lenyewe ni la Kimaasai, la maji baridi. Mtu hawezi kupa maji jina kama hayuko.

Hapo ndipo mtaa unaingia. Eastlands inachimbwa kila siku. Nyumba za kaunti za miaka ya ukoloni zinabomolewa, maghorofa yanapanda, na huko nje kuelekea Athi River mji unazidi kutanuka. Anayeona udongo kwanza si profesa. Ni kijana wa mjengo, na sururu yake, saa mbili asubuhi. Akipata kigae cha chungu chenye michoro, jiwe lililochongwa likawa kali kama kisu, ama mfupa usioeleweka, yeye ndiye mtu wa kwanza kukiona baada ya miaka elfu mbili.

Na tusidanganyane, ako na sababu ya kunyamaza. Kazi ikisimama, hela ya siku imekwenda. Msimamizi atamwambia afunike waendelee. Ndiyo maana vitu vingi vinaishia kwa lori la udongo.

Sheria iko, hata kama haibandikwi kwenye mabati ya mjengo. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kuwaarifu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kwa siku 7 na kuonyesha mahali hasa alipokipata. Mahali ndipo siri yote. Chungu kikiwa mezani ni chungu tu. Kikiwa bado ardhini, kando ya jivu na mifupa ya mbuzi, kinasema ni nani alikula nini na lini. Ukiking'oa, ukakiosha, ukakipeleka sokoni, umefuta hiyo stori.

Kwa hivyo ukikutana na kitu, fanya hivi. Usikiguse zaidi. Piga picha na simu, weka kiatu chako ama rula kando yake ili ukubwa uonekane. Andika mahali na kina. Mwambie msimamizi, kisha piga simu Makumbusho, au nenda mwenyewe, ni pale Museum Hill tu.

Na kama huna mjengo wiki hii, ingia Makumbusho siku moja uangalie vigae na zana za mawe kwa makini. Ukishavijua kwa macho, hutavikanyaga vikikutokea kwa mtaro.