Yatima Wenye Wazazi: Watoto wa Uingereza Waliopelekwa Ng'ambo

Tangu mwaka 1869, makundi ya kwanza yalipoanza kupelekwa Kanada, hadi mwaka 1970, safari za mwisho za Australia zilipokoma, mashirika ya hisani na makanisa ya Uingereza yaliwasafirisha ng'ambo watoto wanaokadiriwa kuzidi 100,000 bila mzazi wala mlezi. Serikali iliyouunga mkono mpango huo ilitarajia faida mbili kwa pamoja, yaani kupunguza gharama za kuwatunza watoto maskini na kuongeza walowezi weupe katika milki yake. Kwa fikra hiyo Kingsley Fairbridge, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Rhodesia, alianzisha mwaka 1912 huko Pinjarra, Australia Magharibi, shule ya shambani, ambayo ni makazi ya kuwafunza wavulana kilimo na wasichana kazi za nyumbani. Shule ya jina lake iliyofunguliwa karibu na Bulawayo mwaka 1946 ilifuata njia tofauti: kwa kuwa kazi za mikono huko zilifanywa na Waafrika, watoto wake walichaguliwa ili waje kuingia katika tabaka tawala.

Watoto zaidi ya 3,000 waliopelekwa Australia baada ya Vita Kuu ya Pili walihesabiwa kuwa yatima, ilhali wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai, mara nyingi mama asiye na mume aliyemwacha mwanawe katika kituo cha kulelea watoto kwa muda hadi hali yake itengemae. Wengi waliambiwa kwamba wazazi wao wamekufa, na walikua bila hata cheti cha kuzaliwa. Meli ya Asturias ilipotia nanga katika bandari ya Fremantle, Australia Magharibi, mwaka 1947, watoto walichukuliwa alama za vidole, kisha ndugu wa tumbo moja wakatenganishwa na kupelekwa vituo mbalimbali. Katika kituo cha Bindoon, katika jimbo hilohilo, wavulana walibeba mawe na kukoroga saruji, wengi wakiwa peku, wakijenga majengo ya kituo chao wenyewe. Uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kwamba vipigo na udhalilishaji wa kingono vilikuwepo pia.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu ya pengo la kisheria. Sheria ya Watoto ya mwaka 1948 iliipa serikali uwezo wa kutunga kanuni za kuyasimamia mashirika yaliyowahamisha watoto, lakini kanuni hizo hazikutungwa wakati safari zikiendelea. Hata wajumbe waliokagua vituo 26 vya Australia mwaka 1956 na kuvikosoa vikali baadhi yavyo hawakuzikomesha safari hizo.

Mwaka 1987 Margaret Humphreys, ofisa ustawi wa jamii wa Nottingham, alianzisha shirika la kuwatafutia wahamiaji hao jamaa zao. Australia iliomba radhi mwaka 2009, Uingereza ikafuata mwaka 2010, na mwaka 2019 ikaanza kumlipa kila mhamiaji aliyekuwa hai pauni 20,000. Malipo hayo hayakuweza kurudisha ukoo uliopotezwa, kwani baadhi yao walipopata hatimaye jina na anwani ya mama, mama mwenyewe alikwisha kufariki.