Kitabu kimelala uvunguni? Mpigie debe mhariri namna hii!

Wiki hii naomba tuyape likizo mambo ya ndoa na nyumba ndogo, tuzungumzie vitabu. Najua wapo watakaoguna, "Ah, vitabu tena!" Subirini kwanza. Humu ndani kuna fedha ya mtu iliyokuwa inazama, na mimi nusura niizamishe jumla.

Naishi hapa Rwamgasa, wilayani Geita. Baada ya kuacha chaki nilifungua kiduka cha madaftari na kalamu. Hapa kwetu habari ni dhahabu tu. Ukiamka unasikia makarasha yakisaga mawe, ukilala bado yanasaga. Kwa hiyo siku jirani yangu, mzee aliyemaliza ujana wake mwaloni, alipoingia dukani akasema ameandika riwaya, nilidhani kapitia kilabuni.

"Riwaya ya nini, mzee?"

"Ya huku huku. Ya mama anayechomea dhahabu jikoni kwake, watoto wamekaa wanasubiri ugali."

Kumbe mwenzenu hatanii. Mgawo wake wa duara, ambao wengine wangenunulia pikipiki, yeye aliupeleka kwa mchapaji mmoja Mwanza, akachapa nakala 500. Kufika nyumbani vitabu vikajaa uvungu mzima wa kitanda. Miezi minne ikapita, zimeuzwa nakala 11, na saba kati ya hizo wamenunua shemeji zake kwa kuona haya. Huku mchwa, kule binti yuko chuo cha uuguzi anadaiwa ada.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe unajua kuongea na watu wa mjini. Nitafutie gazeti."

Nikakubali kwa mbwembwe zote.

Nilivyoula wa chuya

Nilipanda basi hadi Dar na maboksi mawili. Katika gazeti la kwanza nilifika saa 11 jioni, watu wanakimbizana kufunga kurasa. Nikasimama mapokezi, nikatangaza kwa sauti ya darasani, "Nimeleta riwaya bora kuliko zote za Kanda ya Ziwa!" Dada wa mapokezi akauliza namtaka nani. Nikasema yeyote. Akanionyesha benchi. Nilikaa pale hadi taa za barabarani zikawaka. Mwisho akatoka kijana, akachukua nakala tano, akasema tutawasiliana. Hatujawasiliana hadi leo.

Gazeti la pili niliambiwa niende dirisha la matangazo. Bei niliyotajiwa sikuirudia hata kwa kuinong'ona. La tatu, jamaa mmoja nje ya geti, aliyejiita mwandishi, akaniambia bila bahasha haitoki. Nikampa shilingi 50,000 za mzee wa watu. Haikutoka!

Nikarudi Rwamgasa na maboksi yangu. Mzee hakuniuliza kitu. Alihesabu tu nakala zilizorudi, akazirudisha uvunguni.

Mama aliyenifumbua macho

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Mwanza, mhariri mstaafu aliyesimamia kurasa za makala miaka mingi. Nilimweleza safari yangu, akacheka hadi akavua miwani.

"Baba, wewe ulikwenda kuuza. Mhariri hanunui. Yeye anatafuta cha kumpa msomaji wake Jumapili asubuhi. Je, ulimpelekea hicho?"

Ndipo akanipa darasa, nami nawagawia bure.

Kwanza, mjue unayemwandikia. Magazeti yetu mengi hayana mhariri wa vitabu peke yake. Mhariri wa makala ndiye huyo huyo mwenye afya, safari, mapishi na vitabu. Soma gazeti lake wiki nne mfululizo. Angalia ukurasa gani hutaja vitabu, siku gani, na nani anaandika. Kisha piga simu uulize jina la mhariri na anwani yake ya barua pepe. Barua ya "kwa anayehusika" haimhusu mtu.

Wenye bahati walikuwa akina marehemu Ben Mtobwa, aliyekuwa na Heko yake ya kuchapa vitabu na gazeti, au jirani yetu wa Buchosa, Eric Shigongo, ambaye hadithi zake zilitoka katika magazeti ya kampuni yake. Sisi wengine lazima tubishe hodi.

Pili, peleka habari, usipeleke sifa. Mama akanipa mfano wa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakatoa "Peponi", tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hapo mpiga debe hana haja ya kuapa kwamba kitabu ni kitamu. Habari inajisema yenyewe: Mzanzibari wa Nobel sasa anasomeka kwa Kiswahili.

Au mchukue mzee Aniceti Kitereza wa hapo Ukerewe. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Mhariri gani atakitupa kapuni kisa kama hicho?

"Sasa habari ya mzee wako ni ipi?" akaniuliza.

"Ni riwaya ya mapenzi na dhahabu."

"Hiyo anayo kila mtu. Aliyeandika ni nani?"

Hapo nikakumbuka mikono. Mzee mikono yake inatetemeka. Kikombe cha chai hakijazi, hujaza nusu. Sura ya mwisho ya kitabu hakuiandika yeye, alimsomea binti yake akaandika. Mama akagonga meza, "Hiyo ndiyo!"

Nikarudi mbio kumpa mzee habari njema. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, sasa unataka kuuza mikono yangu?"

Sikuwa na jibu. Siku mbili hatukusalimiana. Siku ya tatu akaja dukani mwenyewe. "Andika kwamba nimechomea zebaki jikoni miaka 14. Hilo ni kweli, na limo kitabuni. Mikono niachie mwenyewe. Mwandishi akija akaiona, ataniuliza, nitamjibu."

Na kweli, wapenzi wasomaji, hakuna daktari aliyemwambia kwamba kutetemeka kule kunatokana na zebaki. Ningeandika hivyo ningekuwa nimemdanganya mhariri, na siku angegundua, barua zangu zote zingekwisha thamani. Kwa kupiga debe unaweza kukosa nafasi wiki hii ukaipata wiki ijayo, lakini ukikosa uaminifu huupati tena.

Barua ya ukurasa mmoja

Tatu, barua iwe fupi. Yangu ya kwanza ilikuwa kurasa sita, imeanzia na Adamu na Hawa. Ya pili ilianza hivi: "Mchimbaji wa Rwamgasa aliyechomea zebaki jikoni kwake miaka 14 ameandika riwaya kuhusu jiko hilo. Kati ya mwaka 2002 na 2007 kijiji hiki kilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, watu wakapimwa na ripoti zikaandikwa kwa Kiingereza. Huyu ameandika kwa Kiswahili, kwa jirani zake."

Basi. Baada ya hapo mistari michache ya kisa bila kumaliza utamu, kisha jina la kitabu, mwandishi, mchapaji, mwaka, idadi ya kurasa, bei, kinapouzwa na namba ya simu inayopatikana. Weka picha ya jalada iliyo safi na picha ya mwandishi. Ambatisha nakala moja tu ya kitabu, siyo boksi.

Na hapa nikaumbuka tena. Mama aliuliza namba ya ISBN, nikabaki kukodoa macho. Kitabu hakikuwa nayo! Kumbe hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Tukaiomba. Akauliza tena, msomaji wa Mwanza akikipenda atakipata wapi? Uvunguni kwa mzee? Ilibidi kwanza tuweke nakala katika duka moja la vitabu Mwanza. Ukisifiwa gazetini na kitabu hakipatikani, umemwita mgeni na chungu hakijainjikwa.

Nne, angalia majira. Aprili 23 ni Siku ya Vitabu Duniani, Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Kitabu cha machimbo kina majira yake pia, kama wakati wa maonyesho ya teknolojia ya madini Geita mjini. Mhariri hupanga kurasa hizo mapema, kwa hiyo peleka wiki kadhaa kabla, usisubiri siku yenyewe. Na usimpigie saa za kufunga gazeti. Uliza kwanza kama ana dakika mbili.

Tano, kumbusha mara moja. Wiki mbili zikipita, tuma ujumbe mfupi wa heshima. Kimya kikiendelea, nenda gazeti jingine. Kumpigia kila asubuhi kama unamdai pango hakusaidii.

Sita, bahasha hapana! Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, lina maadili yanayomkataza mwandishi kupokea rushwa. Anayekudai mshiko getini huenda hata meza hana humo ndani. Mimi niliyeliwa 50,000 nawaambia.

Saba, kubali kukosolewa. Ukiomba kitabu kisomwe, umeomba kisomwe kweli.

Mwisho wake

Niliandika magazeti matatu. Moja likajibu. Mwandishi alikuja hadi Rwamgasa, akakaa na mzee chini ya mwembe. Chai ikaletwa, akaiona mikono, akauliza. Mzee akajibu mwenyewe, kwa maneno yake, na alilokataa lisiandikwe halikuandikwa.

Wiki ya tano ikatoka nusu ukurasa. Ilisifia jiko, ikasifia yule mama, kisha ikasema sura ya mwisho imekimbizwa. Niliogopa kumsomea. Mzee akacheka, "Kaona! Pale mkono ulikuwa umechoka, na binti alikuwa anasinzia."

Katika miezi miwili zikauzwa nakala 140. Mwalimu mmoja wa Kahama akaagiza 20. Mama mmoja mponda mawe wa Nyarugusu alinunua moja, akamfanya mwanawe amsomee kila jioni, na siku hizi anachomea dhahabu nje, mbali na chungu cha mboga. Deni la chuo limepungua nusu. Uvunguni bado kuna vitabu, lakini sasa mzee analala bila kuvihesabu.

Nami zile 50,000 namlipa kidogo kidogo, kwa madaftari. Ameanza kitabu cha pili, binti akirudi likizo ndiye mkono wake.

Haya shime, wenye miswada! Tukutane wiki ijayo.