Televisheni kubwa iliyotumika: bei ya haki hupatikanaje?

Soko la televisheni kubwa zilizotumika jijini Dar es Salaam lina wanunuzi wa aina mbili. Yupo anayetaka moja ya sebuleni, na yupo mwenye mtaji mdogo anayenunua ili auze tena au aiweke kwenye banda la kuonyesha mpira. Wote wawili hukabiliwa na tatizo moja: kila muuzaji ana bei yake, na hakuna orodha ya kuilinganisha nayo.

Mara nyingi muuzaji huanza na risiti. Alinunua kwa sh. 2,000,000/= miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo akiuza kwa sh. 1,000,000/= anajiona amepunguza nusu nzima. Hesabu hiyo haina msingi. Bei za televisheni za kioo bapa zimekuwa zikishuka miaka nenda rudi, na fedha iliyolipwa zamani haimhusu mnunuzi wa leo. Kipimo chake ni kimoja: televisheni mpya ya ukubwa na ubora ule ule inauzwa kiasi gani dukani Kariakoo wiki hii?

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Tuseme televisheni mpya ya LED ya inchi 55 inauzwa sh. 1,200,000/=, na mnunuzi anakadiria kwamba itamfaa kwa miaka 8. Iliyotumika ina umri wa miaka 3, hivyo imebakiza miaka 5 kati ya 8. Thamani yake ni sh. 750,000/=. Kwa kuwa haina dhamana ya duka, apunguze asilimia 10, yaani sh. 75,000/=. Inabaki sh. 675,000/=.

Baada ya hapo yatolewe matumizi ya kuifanya ikamilike: rimoti sh. 15,000/=, chuma cha ukutani sh. 30,000/= na usafiri sh. 20,000/=. Jumla ni sh. 65,000/=. Mnunuzi wa nyumbani asivuke sh. 610,000/=.

Kwa mfanyabiashara, bei hiyo ni hasara. Tuseme amenunua 10 na moja ikamfia mkononi kabla hajaiuza. Zile 9 akiziuza kwa sh. 650,000/= kila moja, atapata sh. 5,850,000/=. Fedha hizo zikigawanywa kwa zote 10 alizolipia, kila moja imeingiza sh. 585,000/= tu. Akitoa sh. 65,000/= za matengenezo na usafiri, na faida ya sh. 60,000/=, bei yake ya juu ya kununulia ni sh. 460,000/=. Wengi wenye mitaji midogo huanguka hapa. Huhesabu faida kwa zile nzuri na kuisahau ile mbovu.

Thamani iko kwenye kioo

Hesabu hiyo ni ya televisheni nzima. Kioo kikipasuka au kikiwa na mistari, gharama ya kukibadilisha mara nyingi hukaribia bei ya televisheni nyingine, hivyo kilichobaki ni vipuri tu. Taa za ndani zikiungua, au saketi ya umeme ikileta matatizo, fundi anaweza kurekebisha. Mnunuzi aulize gharama hiyo kwanza, kisha aitoe kwenye bei.

Ukaguzi usiwe wa dakika mbili. Televisheni iachwe ikiwaka nusu saa, kwa sababu hitilafu nyingine hujitokeza ikishapata joto. Zioneshwe picha za rangi moja kutoka kwenye simu au flashi: nyeupe, nyekundu, buluu na nyeusi. Hapo ndipo huonekana mabaka, vidoa na kivuli cha nembo ya stesheni kilichoganda kwenye kioo. Kivuli hicho huzisumbua zaidi plasma na OLED, hasa zilizokuwa baa au hotelini zikionyesha stesheni moja mchana kutwa.

Plasma zina gharama nyingine. Panasonic, Samsung na LG waliacha kuzitengeneza kati ya 2013 na 2014, hivyo vipuri ni vya kuokoteza. Umeme nao ni mwingi. Plasma inayotumia wati 200 zaidi ya LED, ikiwashwa saa 5 kwa siku, huongeza uniti 1 kila siku, yaani uniti 365 kwa mwaka. Mwenye banda azidishe uniti hizo kwa bei anayolipa ya Luku kabla ya kufurahia bei rahisi.

Kibandiko cha nyuma nacho kisomwe. Televisheni iliyotengenezwa kwa soko la Japani inaweza kuandikwa volti 100 pekee, na kuichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma ni kuiunguza. Isiyopokea matangazo ya dijitali ya DVB-T2 itahitaji king'amuzi, maana Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012. Zenye intaneti nazo huzeeka: Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya Samsung za 2010 na 2011 kuanzia Desemba 2019.

Ukubwa pia huchanganya. Inchi hupimwa kona kwa kona, hivyo kioo cha inchi 65 kina eneo kubwa kwa karibu asilimia 40 kuliko cha inchi 55, wala si asilimia 18 kama namba zinavyodokeza.

Karatasi kabla ya fedha

Bei ikiwa chini mno kuliko hesabu hizi, mnunuzi aulize sababu. Kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na zilizouzwa kwa mkopo huweza kufungwa kutoka mbali deni lisipolipwa. Adai risiti ya kwanza, au hati ya mauziano yenye jina la muuzaji, sahihi yake na namba ya televisheni.

Msimu nao una bei yake. Michuano mikubwa ya mpira ikikaribia, wenye mabanda hugombania bidhaa na wauzaji hupandisha. Mwenye mtaji mdogo anunue mashindano yakiisha, watu wanapouza.