Chura wa parsele anakula nini usiku?

Mvula ikianza huku kwetu Sandoa, inswa wanatoka mu udongo. Usiku wanazunguka lampe, na chini yake chura mwenye ngozi ya vipele anakaa kimya, anangoja. Kitu kisichotikisika hakioni kama chakula. Mdudu akitikisika tu, ulimi unaruka: umeshikwa mbele ya kinywa, si nyuma kama wetu, tena unanata. Meno hana. Anapomeza anafumba macho, nayo yanashuka ndani ya kichwa na kusukuma chakula kooni.

Wengi wetu tunamumwangia chumvi, eti ni wa buloji. Lakini mchwa anaowala ndio wanaotafuna nguzo za nyumba na mahindi ya shamba, wakati baba iko mu karieri Kolwezi na mama analima peke yake. Tumuache, bandugu.

Ila batoto wasimuchezee, na imbwa asimuume: nyuma ya macho ana mifuko ya sumu. Na hata njala ikizidi, huyu si chura wa sufuria. Moto hauondoi sumu yake.