Dawa za Hataza na Utabibu kwa Barua katika Makoloni ya Uingereza ya Amerika Kaskazini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dawa zilizouzwa kwa jina la hataza, pamoja na utabibu uliofanywa kwa barua, katika makoloni ya Uingereza ya Amerika Kaskazini katika karne ya 17 na ya 18. Hoja kuu ni kwamba mambo haya mawili yalikuwa na mzizi mmoja, yaani imani ya mgonjwa katika maandishi ya mtu asiyemwona. Aidha, makala yanaonyesha kwamba istilahi yenyewe, "dawa ya hataza", yaweza kumpotosha mtafiti asipoifasiri kwa uangalifu.

1.0 Utangulizi

Neno hataza katika Kiswahili lina maana ya haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ili mwingine asiutumie uvumbuzi wake bila idhini kwa muda maalumu. Katika Uingereza haki hiyo ilitolewa na mfalme kwa barua ya wazi, yaani barua isiyofungwa kwa lakiri, ili kila mtu aweze kuisoma. Sheria ya mwaka 1624 iliweka kikomo cha miaka 14. Kwa hiyo, kwa asili yake, hataza ni jambo la hadharani.

Hapa ndipo penye utata. Dawa nyingi zilizojulikana kwa jina hili hazikuwa na hataza kamwe. Daffy's Elixir, dawa ya maji iliyobuniwa katika karne ya 17 na kasisi Thomas Daffy, haikuwa nayo; Godfrey's Cordial vilevile. Wenye dawa walikuwa na sababu. Katika karne ya 18 mwombaji alitarajiwa kueleza uvumbuzi wake kwa maandishi, na anayeeleza hukaribisha waigaji. Wengi waliona afadhali kuficha mchanganyiko na kulinda jina, chupa na karatasi iliyoizunguka chupa. Kwa hakika, kilichouzwa kilikuwa siri yenye jina. Tukiendelea kutumia istilahi "dawa za hataza", hatuna budi kukumbuka kwamba hilo ni jina la mazoea tu.

2.0 Utabibu kwa Barua

Katika makoloni ya karne ya 17 madaktari waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache, na umbali baina ya kijiji na kijiji ulikuwa mkubwa. Mwaka 1643 Edward Stafford wa London alimwandikia Winthrop huko Massachusetts orodha ya tiba za maradhi mbalimbali. Hivyo waraka mmoja ulivuka bahari kufanya kazi ya daktari.

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa John Winthrop Mdogo, aliyekuwa gavana wa Connecticut na kufariki mwaka 1676. Watu wa New England walimwandikia wakieleza homa, vidonda na maumivu yao. Naye aliwajibu kwa ushauri na vifurushi vya unga. Unga wake mashuhuri uliitwa rubila. Viambato vyake vikuu vilikuwa shura na antimoni, madini ambayo Waswahili huyajua kama wanja wa manga. Daftari zake za wagonjwa za kati ya 1657 na 1669 zimehifadhiwa hadi leo.

Karne iliyofuata, William Cullen wa Edinburgh aliendesha utabibu wa namna hii kwa upana mkubwa zaidi. Barua za wagonjwa wake na nakala za majibu yake, kuanzia 1755 hadi 1790, zimo katika hifadhi ya chuo cha matabibu cha mji huo. Miongoni mwa walioandika walikuwamo watu wa Amerika na visiwa vya Karibiani. Kuanzia mwaka 1781 Cullen alitumia mashine ya kunakili iliyobuniwa na James Watt.

Msomaji wa leo anaweza kujiuliza: daktari aliwezaje kutibu mwili asioushika? Jibu limo katika nadharia ya tiba ya wakati huo. Ugonjwa ulielezwa kuwa ni kuvurugika kwa mizani ya majimaji ya mwili, na dalili zake zilitafutwa katika usingizi, chakula, choo, jasho na tabia ya mgonjwa. Mambo haya aliyajua mgonjwa mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote. Chombo cha kusikilizia kifua kilibuniwa Ufaransa mwaka 1816 tu. Kabla ya hapo masimulizi ya mgonjwa yalikuwa ndiyo kipimo kikuu, na masimulizi husafiri vizuri ndani ya bahasha. Utabibu kwa barua, basi, haukuwa ulaghai. Ulikuwa utabibu wa kawaida uliorefushwa mkono.

3.0 Mpiga Chapa kama Muuza Dawa

Barua ilimhudumia mtu mmoja kwa jina lake. Gazeti liliwahudumia wote kwa pamoja, nalo ndilo lililoifungulia dawa ya siri soko. Gazeti la Boston News-Letter lilianza mwaka 1704. Miaka minne baadaye, yaani 1708, muuza vitabu Nicholas Boone alitangaza humo kwamba anauza Daffy's Elixir. Kuanzia hapo wapiga chapa na wauza vitabu walikuwa miongoni mwa wauzaji wakuu wa dawa za London. Hilo si ajabu: walikuwa na duka, walikuwa na gazeti, na baadhi yao walisimamia posta. Mwaka 1731 gazeti la Benjamin Franklin mjini Philadelphia lilitangaza marhamu ya upele ya mama mkwe wake. Na mwaka 1737 Franklin huyohuyo akawa mkuu wa posta wa mji. Mwaka huohuo wa 1731, John Peter Zenger alipiga chapa mjini New York kijitabu kilichosifu matone ya Bateman, dawa ya kifua iliyopata hataza mwaka 1726.

Wanafunzi wa fasihi nao wana la kujifunza hapa. John Newbery wa London, mchapishaji mashuhuri wa vitabu vya watoto, alikuwa pia muuzaji wa unga wa homa wa Daktari James. Katika hadithi aliyoichapisha mwaka 1765 kuhusu Goody Two-Shoes, baba wa mhusika mkuu anashikwa na homa mahali ambapo unga huo haupatikani, naye anafariki. Kifo hicho ndicho kinachomwacha mtoto yatima na kuianzisha hadithi. Tangazo limefanywa kuwa kiini cha msuko.

4.0 Yaliyomo ndani ya Chupa

Viungo vya dawa hizi si vigeni kwa msomaji wa Kiswahili. Daffy's Elixir ilikuwa hasa sanamaki iliyolowekwa katika kileo. Vidonge vya Anderson, vilivyopata hataza mwaka 1687, msingi wake ni shubiri. Vidonge vya Hooper vya wanawake, vya mwaka 1743, vilikuwa na shubiri, manemane na chumvi ya chuma. Sanamaki na shubiri ni dawa za kuendesha, na mtu aliyezinywa hakukosa kuona matokeo. Kwa kuwa tiba ya wakati huo iliamini kusafisha mwili, kuendesha kulichukuliwa kuwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi.

Hatari kubwa ilikuwa katika afyuni. Matone ya Bateman yalikuwa nayo. Godfrey's Cordial, mchanganyiko mtamu wenye afyuni, ulitumiwa sana kuwatuliza watoto wachanga. Mtoto alinyamaza, na mama aliyechoka alipata nafuu. Lakini kijiko kimoja cha ziada kingeweza kumlaza mtoto usingizi asioamka. Karatasi ya dawa ilitaja sifa zake kwa maneno mengi, ila jambo ambalo mama alihitaji kulijua kuliko yote halikuwamo.

Siri hii iliwapa nafasi waghushi. Robert Turlington, aliyepata hataza ya zeri yake mwaka 1744, alilazimika kubadili umbo la chupa mwaka 1754 ili kuwakwepa. Baadaye, vita vya uhuru vilipokatiza biashara na Uingereza, wauza dawa wa Amerika walizijaza upya chupa tupu za Kiingereza kwa michanganyiko yao wenyewe. Wanunuzi waliendelea kununua. Ni dhahiri kwamba imani yao ilikuwa katika chupa na jina, wala si katika kilichomo.

Mwaka 1824 chuo cha famasia cha Philadelphia kilichunguza dawa nane za asili hii na kutangaza namna sahihi ya kuzitengeneza. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa za jina moja zilitofautiana mno kwa kiasi cha afyuni. Yaani mzazi aliyezoea chupa ya duka moja angeweza kununua nyingine yenye jina lilelile, akatoa kipimo kilekile, na akamdhuru mwanawe bila ya kukosea hata kidogo katika kufuata maelekezo.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba barua ya tabibu na karatasi ya chupa zote mbili zilitoa tiba kwa maandishi. Hata hivyo, zinatofautiana katika jambo moja la msingi. Barua ilianza na maneno ya mgonjwa, na jibu lilimhusu yeye peke yake; akizidiwa aliweza kuandika tena. Karatasi ya chupa haikumsikiliza mtu. Ilidai kujua ugonjwa wa kila msomaji kabla hajasema neno. Mabadiliko kutoka maandishi yanayojibu hadi maandishi yanayotangaza ndiyo yaliyoifanya dawa ya siri kuwa biashara kubwa, na ndiyo yaliyoifanya kuwa hatari. Marekani ilisubiri hadi mwaka 1906 kupata sheria ya taifa iliyotaka kiasi cha afyuni kitajwe juu ya kifungashio.

Kwa upande wa istilahi, tunapendekeza kwamba "dawa za hataza" ibaki kwa zile zilizopewa hataza kwa hakika, kama ya Turlington. Zilizobaki ziitwe "dawa za siri". Jina hilo linasema wazi kile ambacho karatasi ya chupa ilikificha.